Utao Ulio Kwenye Gitaa



Katika muziki wa dansi wa Tanzania, "solo" si mtu aimbaye peke yake. Solo ni gitaa: lile linaloongoza, linaloufungua wimbo na kuubeba, ambalo msikilizaji hulikumbuka hata akisahau jina la bendi. Husemwa fulani anapiga solo, mwingine rizimu, wa tatu besi. Naanza na neno hili kwa kuwa limemdhulumu mtu mmoja. Mbaraka Mwinshehe Mwaruka amesifiwa kwa solo lake kwa zaidi ya miaka hamsini, na sifa hiyo imekuwa nene kiasi cha kuyafunika maneno yake. Mtaje katika baraza lolote la mji wetu, uone: vidole vya wazee vitaanza kutembea juu ya nyuzi zisizokuwapo, na midomo itaiga mlio wa gitaa. Waulize alisema nini katika ubeti wa pili. Watakuimbia nusu mstari, kisha watarudi kwenye mlio.

Mimi nasema Mbaraka alikuwa mshairi. Nasema pia, na hapa najua majirani zangu watanipinga, kwamba ushairi wake ulio bora haumo katika zile nyimbo za Morogoro Jazz zinazopendwa hapa mjini, bali katika zile alizotunga akiwa na bendi yake mwenyewe, Orchestra Super Volcano, tangu mwaka 1973 hadi kifo chake mwaka 1979. Miaka hiyo sita ndiyo solo yake kwa maana ile nyingine, ya mtu aliyetoka kundini akasimama kwa jina lake. Sisi watu wa Morogoro tumeihesabu kama kiambatisho.

Kwa vijana wasiomjua, niseme machache. Mbaraka alizaliwa Mzenga, Kisarawe, mwaka 1944, mwaka ule ule ilipoanzishwa Morogoro Jazz, bendi ambayo baadaye angeifanya ijulikane Afrika Mashariki yote. Alijiunga nayo katikati ya miaka ya 1960, akiwa kijana mwenye gitaa na ulimi. Mji huu ulikuwa na bendi mbili kubwa wakati huo. Ya pili ilikuwa Cuban Marimba ya Salum Abdallah, mtunzi mahiri aliyefariki kwa ajali ya gari mwaka 1965, na uongozi wake ukashikwa na Juma Kilaza. Ilikuwapo reli, yalikuwapo mashamba ya mkonge, na palipo na mishahara ya mwisho wa mwezi hapakosekani ukumbi. Mtu alikuwa wa bendi hii au wa ile, kama leo walivyo wa Simba au wa Yanga, na ndugu waliweza kununiana kwa ajili hiyo. Mwaka 1970 Morogoro Jazz walikwenda Osaka, Japani, katika maonyesho makubwa ya kimataifa, wakarudi na wimbo wa safari hiyo. Miaka mitatu baadaye Mbaraka aliondoka.

Alipoondoka, aliliacha jina la mji nyuma. Nadhani hilo ndilo jambo ambalo mji haukulisahau. Bendi ya kwanza ilikuwa inaitwa Morogoro, na kila ilipotangazwa redioni, sisi sote tulitangazwa. Volkano si ya mtu. Milima yetu ya Uluguru haitoi moto, inatoa maji. Hata wageni wanaokusanya muziki wetu wa zamani wameufuata mkondo huo huo: ile diski iitwayo Masimango, iliyotolewa Ujerumani na kumfikisha Mbaraka kwa wasikilizaji wapya, ni ya enzi za Morogoro Jazz. (Sitapita bila kulisifu neno lenyewe. Masimango! Ni lugha gani nyingine yenye neno moja la kumkumbusha mtu wema uliomtendea ili aone haya?)

Sasa nirudi kwenye ushairi, maana hapa ndipo penye ugomvi.

Nilisomea ualimu katika Chuo cha Ualimu Kigurunyembe, hapa hapa Morogoro, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wakati huo vumbi la mgogoro wa ushairi lilikuwa bado halijatulia. Upande mmoja palikuwa na kitabu cha Sheikh Kaluta Amri Abedi cha mwaka 1954 kuhusu sheria za kutunga mashairi, na nyuma yake jeshi zima la malenga waliosema shairi lisilo na vina na mizani si shairi bali ni maneno yaliyokatwakatwa. Upande wa pili palikuwa na Mulokozi na Kahigi na Mashairi ya Kisasa yao ya mwaka 1973, na Kezilahabi na Kichomi chake cha mwaka 1974. Darasani tuligawanyika. Tulibishana mpaka mezani, maharage yakapoa. Na wakati tunabishana kama mshororo usio na kina unaweza kuwa mshororo, redio ya mpishi jikoni ilikuwa inatupigia mishororo isiyo na kina, na nchi nzima ilikuwa inaijua kwa moyo.

Haikuingizwa katika mjadala wetu hata siku moja. Taarabu iliingia, kwa kuwa taarabu ina vina, ina mizani, ina ubeti unaoweza kuandikwa ubaoni na kuchorewa mistari. Tulifundishwa kwamba Shaaban Robert mwenyewe aliandika wasifu wa Siti binti Saad, na ni kweli, naye alifanya hivyo kwa heshima ambayo watunzi wa maneno huwapa wenzao. Ila dansi lilikuwa la ukumbini, la bia, la Jumamosi. Halikuwa na bahari, kwa hiyo hakuna aliyelitafutia samaki.

Marehemu mume wangu alikuwa karani, na mshahara wake wa ujana ulikwenda kwenye santuri. Aliniachia hamsini na mbili, nyingi zikiwa zile ndogo za nyimbo mbili, zilizofyatuliwa Nairobi kwa kuwa Tanzania haikuwa na kiwanda cha santuri. Nyimbo zetu zilivuka mpaka zikiwa sauti, zikarudi zikiwa sahani. Baada ya kustaafu, na baada ya msiba huo, nilianza kuziandika. Nilitaka maneno tu. Nilichukua daftari kubwa la kaunta, nikapiga mstari katikati ya kila ukurasa kama nilivyowafundisha wanafunzi kwa miaka thelathini na sita: kushoto ukwapi, kulia utao. Ni mazoea ya mkono. Hata orodha ya sokoni naweza kuiandika hivyo.

Kushoto kukajaa. Kulia kukabaki kweupe.

Nilidhani kwanza ni mwandiko wangu. Nikarudia wimbo wa pili, wa tatu. Vipande vya maneno ya Mbaraka katika nyimbo za Super Volcano ni vifupi, vingi vikikaribia urefu wa ukwapi wa shairi la kawaida, na baada ya kila kipande sauti hunyamaza. Hainyamazi kwa sababu mtunzi ameishiwa. Hunyamaza kwa muda unaolingana na kipande kilichotangulia, na muda huo wote gitaa la solo linasema. Kisha sauti hurudi. Ukiyatoa maneno hayo kwenye santuri na kuyapanga kwenye karatasi, yanaonekana makavu, yamekatika, ya mtu asiyejua kazi. Bila shaka. Umeandika ukwapi mtupu. Utao umeuacha kwenye nyuzi.

Jambo hili lisingewezekana katika bendi nyingi. Kwa kawaida anayetunga na kuimba ni mmoja, na anayepiga solo ni mwingine, kwa hiyo gitaa linapojibu, linajibu kama rafiki anavyojibu: vizuri, lakini kutoka nje. Kwa Mbaraka, aliyetunga maneno, aliyeyaimba na aliyeyajibu kwa nyuzi alikuwa mtu mmoja. Alijua ni wapi aliacha sentensi, na alijua kwa nini. Ndiyo maana nasema wanaomsifu kwa gitaa tu, na wanaomdharau kwa maneno tu, wamekosea kosa lile lile: wamegawa mshororo katikati, kila mmoja akachukua kipande chake akakiita kizima.

Mtaniuliza kwa nini basi nachagua Super Volcano, wakati gitaa na mdomo vilikuwa vya mtu huyo huyo hata alipokuwa Morogoro Jazz. Ni kwa sababu ya nani anayesema.

Tazameni tanzia yake ya Dk. Kleruu. Siku ya Krismasi ya mwaka 1971, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Kleruu, alipigwa risasi na mkulima mmoja katika mzozo uliotokana na kilimo cha ujamaa, na Morogoro Jazz wakamwimbia. Ni wimbo mzuri. Una uzito wa habari mbaya inayosomwa na mtu aliyenyoosha mgongo. Lakini anayelia katika wimbo huo ni taifa. Hali kadhalika ule wa safari ya Japani: anayesimulia ni ujumbe wa Tanzania, na msikilizaji yuko uwanja wa ndege akipunga mkono. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, bendi zilitarajiwa kuwa na kazi hiyo, na Mbaraka aliifanya kwa ustadi kuliko wengi. Sisemi hakuimba mapenzi na maisha ya watu wakati ule. Aliimba sana. Nasema kwamba sauti iliyomletea heshima katika miaka hiyo ilikuwa sauti ya "sisi", na "sisi" haihitaji utao wa gitaa, kwa kuwa "sisi" haina cha kuficha.

"Mimi" ndiyo yenye kuficha. Katika Super Volcano anayesema ni mtu mmoja, na mara nyingi anamwambia mtu mmoja. Usikilizeni Shida. Mnaujua, hakuna mtu wa rika langu asiyeujua, na umesikika Kenya labda kuliko hapa. Nguzo yake ni hilo neno moja. Wengi hupita juu ya neno hilo kwa kuwa limetumika mno: shida ya maji, shida ya usafiri, samahani nina shida kidogo. Lakini asili yake ni Kiarabu, na huko linabeba ukali, kukazwa, kubanwa, kama kamba inavyokazwa. Kiswahili kililichukua neno hilo kali kikalilainisha kwa matumizi, mpaka likawa neno la adabu la kuombea mkopo. Mbaraka halielezi. Halipambi kwa kisawe. Analirudia, analiacha, gitaa linajibu, analirudia tena. Na kadiri linavyorudi ndivyo ule ukali wa kale unavyolirudia, mpaka msikilizaji anasikia tena ile kamba. Malenga wangetumia dhiki, adha, taabu, madhila, masaibu, kila ubeti na nguo yake mpya. Yeye alichukua neno lililochakaa kuliko yote akalivaa lilivyo. Mimi huo nauita uamuzi wa mshairi.

Na uamuzi huo una historia yake hapa. Kiswahili cha Morogoro hakikuzaliwa katika majlisi. Waluguru walishuka kutoka milimani, wakakutana na Wakaguru, Wapogoro, Wangoni, Wanyamwezi na wengine waliofuata reli na mkonge, na lugha iliyowakutanisha ilikuwa Kiswahili cha kazi: cha foleni ya posho, cha behewa la daraja la tatu, cha kumwuliza mtu kwao wapi. Kwa wengi wao haikuwa lugha ya mama. Mshairi aliyetaka kusema na watu hawa alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni ile aliyoipita Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma, aliyejifunza sanaa ya pwani mpaka akawa fundi wake, akatupatia na ngonjera juu yake. Namheshimu sana, nimewafundisha watoto ngonjera zake mpaka sauti ikakauka. Njia ya pili ni kukichukua Kiswahili hicho cha foleni kama kilivyo, bila kukivika kanzu ya mkopo, na kutafuta urari wake mahali pengine. Mbaraka aliupata kwenye nyuzi sita.

Nani kati yao alifanya kazi ngumu zaidi? Sitaki kuwapiganisha marehemu. Ila njia ya kwanza ina vitabu, ina chama, ina mitihani ya taifa. Ya pili ina kaseti.

Mtu anaweza kusema huu ni ubishi wa vijijini, na dunia imeshaumaliza. Kweli, mwaka 2016 Nobeli ya fasihi alipewa Bob Dylan, mwimbaji wa Marekani mwenye gitaa na filimbi ya mdomo, na wako waliokasirika na wako waliosherehekea. Na tangu zamani redio za Afrika Mashariki zilipenda nyimbo za mashambani za Marekani. Jim Reeves alikuwa kama mjomba katika nyumba nyingi, hata kwa watu wasiojua anasema nini. Wamarekani nao wana watunzi wa namna hiyo ambao hutoka katika bendi zao, huimba wakiwa na gitaa moja, kwa maneno ya kila siku, na huishia kupendwa na wachache. Lakini sikuhitaji Stockholm kuniambia. Nilikuwa na daftari lenye upande mweupe.

Kabla sijastaafu niliwahi kulijaribu jambo hili darasani, kidato cha tatu, Ijumaa kipindi cha mwisho, saa ambayo hakuna anayekuja kukagua. Niliandika ubaoni maneno ya wimbo mmoja bila kuwaambia ni wimbo. Nikamwambia kijana mmoja asome. Akasoma haraka, mfululizo, kama anayesoma tangazo la kupotelewa na baiskeli. Darasa likacheka, wakasema mwandishi huyu hajui vina. Nikawaomba wasome tena, safari hii kila baada ya kipande wapige meza kwa vidole mara nne, polepole, ndipo waendelee. Walipofika katikati, kicheko kilikuwa kimekwisha. Msichana mmoja wa dawati la nyuma akaniuliza, "Mwalimu, sasa pale tunapopiga meza, yeye anakuwa anafikiri nini?"

Katika miaka yangu yote sikuwahi kuulizwa swali bora kuliko hilo kuhusu utao.

Mvulana aliyesoma kama tangazo la baiskeli sasa ni mtu mzima, anaandika mashairi, na ana sauti katika kuchagua yanayoingia vitabuni. Sitamtaja wala kutaja anakofanyia kazi. Mwaka jana alipita nyumbani kunijulia hali, akanishika mkono kwa mikono miwili kama zamani, "Shikamoo, Mwalimu." Nilimwonyesha daftari. Alilipitia kwa adabu, ukurasa kwa ukurasa, akasema, "Mwalimu, mimi nakubaliana nawe kabisa. Lakini mhariri ataniuliza nusu hii tupu ya ukurasa ni ya nini. Karatasi ni ghali." Nilimwambia, mwanangu, basi mwambie ni ya gitaa. Akacheka, nami nikacheka. Alipokwenda nilikaa na daftari lile magotini mpaka adhana ya magharibi, kwa kuwa niliona alikuwa anasema kweli. Kitabu hakina mahali pa kuweka kitu hicho. Ukiyachapa maneno peke yake, umempa msomaji ushahidi kwamba Mbaraka hakuwa mshairi. Usipoyachapa, yatabaki kwenye santuri, na santuri zinakufa.

Hizo za mume wangu zinakufa kwa namna ya kikatili. Sindano hula pale inapopita zaidi, na mtu hurudisha sindano pale anapopenda. Kwa hiyo sehemu zilizochakaa ni zile zile alizozipenda. Naweza kuisoma ladha yake kwa mikwaruzo. Katika wimbo mmoja kuna ubeti ambao sasa ni mvumo mtupu kama mvua juu ya bati, na najua aliurudia usiku baada ya usiku mwaka tuliompoteza mtoto wetu wa kwanza, lakini sikumbuki maneno yake. Nilikuwa chumba cha pili nimelala kwa kugeukia ukuta. Nilisikia gitaa tu.

Baada ya Mbaraka kufariki, zilitoka Kenya santuri kubwa za mfululizo ulioitwa Ukumbusho, na kwa msaada wa hizo, na wa vijana wanaonitafutia kwenye simu, nimekamilisha nyimbo kumi na moja. Mtandaoni nyimbo zipo nyingi, namshukuru kila aliyezipandisha. Maneno yaliyoandikwa chini yake ni balaa. Nimeona kitenzi cha wakati uliopita kikigeuzwa jina la mwanamke. Nimeona mahali palipokuwa na "ningali" pakaandikwa "ningalikuwa", na sentensi nzima ikapinduka: mtu aliyekuwa bado yupo akawa hayupo. Mwenye kupenda lugha anajua hizo herufi chache ni maisha ya mtu.

Yeye mwenyewe aliondoka Januari mwaka 1979, huko Mombasa, baada ya ajali ya gari, kama alivyoondoka Salum Abdallah miaka kumi na minne kabla yake. Alikuwa na miaka thelathini na minne. Mimi nilikuwa kidato cha sita. Nchi ilikuwa vitani na Idi Amin, redio ilikuwa ya habari za Kagera na nyimbo za kuhamasisha, na msiba wake ulipita katikati ya misiba mingine. Pengine hiyo nayo ni sababu. Waliompenda hawakupata muda wa kumkalia matanga ya fasihi. Hakuacha wosia, hakuacha kitabu. Aliacha mtindo aliouita Masika, na sisi tunaokaa chini ya Uluguru tunajua masika ni nini: si manyunyu ya kuandikia mapenzi, ni miezi ambayo mto unakuwa na rangi ya udongo na mtu hulala akisikiliza kama maji yamefika mlangoni. Sijui bendi ngapi duniani zimeuita mchezo wao wa dansi kwa jina la majira ya kilimo. Hilo peke yake lingemtosha kuingizwa katika kitabu cha kidato cha kwanza, sura ya taswira.

Sasa daftari. Nimeamua kuliacha lilivyo, na nusu tupu ya ukurasa ibaki tupu. Nimeweka alama ndogo tu: nukta moja kwa kila pigo, ili msomaji ajue anyamaze kwa muda gani. Mjukuu wangu, aliye darasa la sita, ananiambia bibi, hizi zinafanana na kundi la siafu. Anazisoma vizuri lakini, anapiga goti kwa kiganja. Kwa nyimbo mbili kati ya kumi na moja nimeandika pia, kwa penseli, vile ninavyodhani gitaa linasema, kwa maneno. Nimezifuta mara tatu. Gitaa halisemi nilivyoandika. Linasema kitu kilicho karibu nacho, na nikikisogelea linahama.

Nina ombi kwenu. Kuna ubeti mmoja wa mwisho mwisho, katika wimbo wa upande wa pili wa santuri ambayo karatasi yake ya katikati imetoka, kwa hiyo hata jina la wimbo sina. Sauti ni yake, bendi ni Super Volcano, hilo halina shaka. Neno moja halisikiki. Mimi nasikia kitenzi, "umengoja". Jirani yangu, aliyekuwa kondakta wa mabasi na kwa hiyo anasikia majina ya vituo kila mahali, anasikia "Ubungo". Mizani ya neno langu ni minne, ya neno lake ni mitatu, na kwa Mbaraka hesabu hiyo haiwezi kuamua, maana mizani moja ikipungua mdomoni ataifidia kwa kidole. Nikilichukua la kwangu, wimbo ni wa mtu anayemshukuru mkewe. Nikilichukua la jirani, ni wa mtu aliyeshushwa njiani. Nimerekodi kipande hicho kwa simu ya mjukuu, sekunde ishirini na moja, pamoja na utao wake. Aliye tayari kukisikiliza aniandikie hapa chini, nami nitamtumia. Nawasihi tu msikilize mpaka gitaa limalize ndipo mnijibu.